Saa tisa usiku: namna ya kumchagua mwanasaikolojia na kuelewa anavyofanya kazi

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeko Mombasa. Mama yake alifariki hospitalini miezi kumi iliyopita. Tangu hapo huamka kila usiku saa tisa, saa ileile simu ya hospitali ilipolia, na halali tena mpaka adhana ya alfajiri. Bado anafundisha, ingawa anasema kwamba ikifika mchana anasahihisha madaftari huku macho yanafumba. Daktari amempima damu, presha na tezi ya shingoni, hakuona ugonjwa, akamshauri amwone mwanasaikolojia. Amepewa majina mawili ya watu wenye ofisi zao binafsi. Mmoja ana shahada ya uzamivu na amejieleza kuwa anatumia "mkabala changamano". Wa pili ana shahada ya uzamili na anatumia "tiba ya utambuzi na tabia". Anauliza amchague yupi, maneno hayo yana maana gani, atafanyiwa nini akishaingia ndani na mlango ukafungwa, na kama mambo yake yanaweza kumfikia mwalimu mkuu.

Makiwa, dada yangu. Miezi kumi si mingi kwa aliyempoteza mama, na kabla sijagusa vyeti vya mtu yeyote nataka ujue kwamba kuamka usiku baada ya msiba hakukufanyi uwe mgonjwa wa akili. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 umeitaja huzuni ya msiba iliyorefuka kupita kiasi, na kipimo chake cha chini ni miezi 6. Lakini muda peke yake hautoshi, kwani lazima huzuni hiyo iwe imevuka wazi desturi za jamii na dini ya mfiwa, na iwe imeyavuruga maisha yake ya kila siku. Hali yako inahitaji kusikilizwa na mtu mwenye ujuzi, na haina haja ya kubandikwa jina kwa haraka. Mtaalamu atakayekubandikia jina kwenye simu kabla hajakuona, huyo mwache.

Nianze na vyeti, kwa kuwa ndivyo vinavyokutia wasiwasi, ingawa si sehemu ndefu ya jibu langu. Nchini Kenya kazi hii inaongozwa na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni wanaoifanya. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wote wawili ni moja: umesajiliwa, na leseni yako ya mwaka huu iko wapi? Mtaalamu wa kweli haudhiki kwa swali hilo. Wengi wetu leseni tunaitundika ukutani ili mteja asilazimike kuuliza. Baada ya hapo, shahada ya uzamivu isikutishe wala isikupumbaze. Aghalabu uzamivu ni utafiti wa miaka kadhaa juu ya jambo moja, na jambo hilo linaweza kuwa mbali sana na usingizi wa mfiwa. Anayeitwa "Dokta" kwa sababu ya shahada hiyo si daktari wa kuandika dawa; dawa ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili, ambaye alisomea udaktari wa mwili kwanza. Kwa mtu anayekaa na wateja, ninachokitazama zaidi ni saa alizokaa nao wakati wa mafunzo huku mtu mwenye uzoefu akimwangalia, na kama mpaka leo bado ana mtu wa kumwangalia.

Hilo la mwisho watu wengi hawalijui, nami ningependa lijulikane kuliko jina la chuo chochote. Katika taaluma yetu kuna kitu tunakiita usimamizi wa kitaaluma. Kila baada ya muda mwanasaikolojia hukaa na mwenzake aliyemzidi uzoefu, au aliye sawa naye, akamweleza anavyofanya kazi na wateja wake bila kuwataja majina, hasa pale anapohisi amekwama. Mwenye ofisi ya hospitali hukutana na wenzake hata kwenye korido. Mwenye ofisi binafsi anaweza kumaliza mwaka mzima peke yake na viti viwili, bila mtu wa kumwambia kwamba amepotea njia. Basi muulize kila mmoja wao: "Unapokwama na mteja, unazungumza na nani?" Akikujibu bila kusita kwamba ana msimamizi na hukutana naye mara kadhaa kwa mwezi, hilo kwangu lina uzito kuliko uzamivu.

Nakwambia haya kwa sababu ya lililonipata mimi mwenyewe. Nilisomea saikolojia tiba Nairobi, kwa Kiingereza kitupu, na katika mafunzo ya vitendo nikapewa mama mmoja muuza samaki. (Nimebadilisha mambo yake ili asitambulike.) Nilikuwa nimefundishwa karatasi yenye safu za kuandika tukio, hisia, fikra na jibu la fikra hiyo, nami nikampa aende nayo nyumbani ajaze. Wiki iliyofuata aliitoa kwenye pindo la leso alipokuwa amefungia nauli, imekunjwa mara nne, nyeupe vilevile kama nilivyompa. Nikaandika kwenye faili kwamba mteja hana ari ya matibabu. Msimamizi wangu aliisoma sentensi hiyo, akaniuliza: "Hicho kinachomsumbua, yeye mwenyewe anakiitaje?" Sikuwa na jibu, maana sikuwa nimemuuliza.

Nilipomuuliza, alisema moyo wake umekuwa mzito kama ndoo ya maji, na kwamba roho yake haikai. Tukaitupa ile karatasi, tukachora nyingine pamoja, kwa maneno yake: nini kimetokea, moyo umesema nini, mwili umefanya nini, na jirani yangu angekuwa na jambo hili ningemwambia nini. Safu ile ya jirani ndiyo iliyomfungua. Hakuwa na neno hata moja jema la kujiambia mwenyewe, lakini kwa jirani alikuwa nayo tele. Tangu siku hiyo sijaanza kazi na mtu yeyote kabla sijajua maumivu yake anayaita kwa lugha gani na kwa jina gani. Vitabu vinasema sonona, wasiwasi, kiwewe. Watu wanaokuja kwangu wanasema mawazo, kichwa kuwaka moto, kifua kubana, moyo kwenda mbio. Maneno hayo ya mwili ni taarifa kamili, tena mara nyingi ni sahihi kuliko jina la kitabuni. Kwa hiyo waulize pia wataalamu wako kama mnaweza kuzungumza Kiswahili, au lugha ya mama yako, pale Kiingereza kitakapokwisha. Katika mambo ya msiba Kiingereza huisha mapema.

Sasa nije kwenye ile mikabala, yaani njia za kufanya tiba. Nitaieleza kwa kutumia saa tisa yako, kwa sababu maelezo ya jumla hayatakusaidia.

Mwenye kutumia tiba ya utambuzi na tabia atataka kujua unafanya nini saa hiyo. Tiba hii iliundwa miaka ya 1960 na Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, Marekani, aliyekuwa amesomea mkabala wa Sigmund Freud, ule wa kuchimba yaliyofichika moyoni, kabla ya kugundua kwamba wagonjwa wake walikuwa na fikra za haraka, za kujihukumu, zilizopita kichwani bila wao kuzikagua. Mtaalamu wa namna hii atakuuliza: ukiamka unaitazama simu? Unabaki kitandani muda gani? Unajiambia nini? Kisha atakupa kitu cha kufanya. Kwa tatizo la usingizi ana nyenzo nzuri sana, na sisemi hivi kwa kuupendelea mkabala wake. Chama cha madaktari bingwa wa Marekani mwaka 2016, na wataalamu wa usingizi wa Ulaya mwaka 2017, walipendekeza aina ya tiba hii iliyotengenezwa mahususi kwa kukosa usingizi iwe ya kwanza kutolewa kwa mtu mzima, kabla ya vidonge.

Itakuwa hivi. Kwa wiki moja au mbili utaandika kila asubuhi umepanda kitandani saa ngapi, unakadiria umelala saa ngapi, umeamka mara ngapi, umetoka kitandani saa ngapi. Huenda ikaonekana kwamba unakaa kitandani saa 8 lakini usingizi wenyewe ni saa 5. Saa 3 zilizobaki kitanda kinakufundisha kukesha, kama vile kilivyokuwa kikikufundisha kulala. Hapo atakupangia saa moja ya kuamka, isiyobadilika hata Jumapili, na atachelewesha saa yako ya kupanda kitandani ili muda wa kitanda ukaribiane na muda wa usingizi. Ukiamka saa tisa na usingizi usirudi kwa muda unaokadiria kuwa dakika 20 hivi, bila kutazama saa, utatoka kitandani, ukae sebuleni kwenye mwanga hafifu ufanye jambo tulivu, na utarudi usingizi ukikuchukua. Wiki ya kwanza ni ngumu, na mtaalamu mwaminifu atakuambia hivyo mapema. Usianze kuzipunguza saa hizo peke yako kwa kunisoma mimi, hasa kama una kifafa au umewahi kuwa na vipindi vya furaha na nguvu zilizopita kiasi bila kulala, kwani mwili wa namna hiyo haupaswi kunyimwa usingizi ovyo.

Pamoja na hayo atazigusa zile fikra. Wafiwa wengi niliokaa nao wana sentensi moja inayoanza na "ningali" au "laiti". Laiti ningemwahisha. Laiti ningelala hospitalini usiku ule. Mtaalamu huyu hatakuambia kwamba sentensi hiyo ni uongo. Atakuuliza usiku ule, kabla ya simu kulia, ulijua nini na hukujua nini, na mtautenganisha ujuzi wa leo na ujuzi wa usiku ule, taratibu, mpaka uone umekuwa ukimhukumu mtu wa jana kwa habari za leo.

Mwenye mkabala wa kina, uliotokana na Freud na waliomfuata, atakaa na swali jingine: saa tisa hiyo ni ya nani? Anaweza kuwaza kwamba unaamka kumlinda mama ambaye hukuwepo kumlinda, au kwamba kulala usiku kucha kungekuwa, kwa sehemu fulani ya moyo wako, sawa na kukubali kwamba simu ile imeshalia na hailii tena. Atataka kujua jinsi ulivyoshikamana na mama tangu utotoni. Elimu ya mshikamano wa mtoto na mama, ambayo wengi hudhani ni ya Ulaya tupu, ina mizizi yake hapa kwetu: mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikaa Uganda miaka ya 1954 na 1955 akiwatazama akina mama wa Kiganda na watoto wao katika vijiji vya karibu na Kampala, na alichokiona huko ndicho alichokwenda kukiendeleza baadaye Marekani. Mkabala huu huchukua muda mrefu zaidi, na haukupi kazi ya nyumbani. Kwa mtu ambaye msiba umefumua mambo ya zamani baina yake na marehemu, unafika mahali ambapo karatasi ya usingizi haifiki.

Mwenye kumfuata Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, hatakimbilia kueleza wala kurekebisha. Rogers aliandika mwaka 1957 kwamba mtu hubadilika akikutana na mwingine anayemsikiliza kwa kumwelewa kutoka ndani, anayemkubali bila masharti, na asiyejifanya. Watu huudharau mkabala huu kwa kudhani ni kutikisa kichwa tu. Mimi naona ndio mgumu kuliko yote, na bila chembe yake mikabala mingine haifanyi kazi.

Upo pia mkabala wa mahusiano baina ya watu, nao nautaja kwa sababu msiba ni mojawapo ya mambo manne unayoyashughulikia, pamoja na migogoro, mabadiliko makubwa ya maisha na upweke. Hapo swali la saa tisa lingekuwa: zile habari za darasani ulizokuwa ukimpigia mama jioni, sasa unampa nani? Nchini Uganda mkabala huu ulijaribiwa kwa vikundi katika wilaya za Masaka na Rakai, wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa wiki mbili na kusimamiwa kwa karibu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha sonona, yaani huzuni nzito ya kiugonjwa, imepungua sana kuliko katika vijiji ambavyo havikupata vikundi. Viongozi wale hawakuwa na uzamivu. Walikuwa na njia inayoeleweka, lugha ya wenyewe, na msimamizi.

Na "mkabala changamano"? Maana yake ni kwamba mtaalamu anachanganya njia hizi. Ndivyo ninavyofanya mimi pia: kwa mtu kama wewe ningeanza na usingizi, maana mtu asiyelala hana nguvu ya kuomboleza, kisha ningekwenda kwa mama. Lakini neno hilo lina pande mbili. Anayelisema anaweza kuwa mtu aliyejifunza njia mbili tatu kwa kina na anajua kwa nini leo anatumia hii na kesho ile. Anaweza pia kuwa mtu asiye na njia, anayesikiliza kinachokuja na kutoa ushauri kama anavyotoa mama mdogo, ila kwa malipo. Namna ya kuwatofautisha ni kumwomba mfano: "Kwa tatizo langu la kuamka saa tisa, ungeanzia wapi, na kwa nini hapo?" Hahitaji kukupa mpango mzima kwenye simu. Anahitaji kuweza kukueleza kwa maneno ya kawaida. Vivyo hivyo kwa yule wa pili: mtu wa tiba ya utambuzi na tabia ambaye, ukimtajia mama yako, anarudi harakaharaka kwenye fomu, hatakufaa hata akiwa na nyenzo bora za usingizi.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin aliueleza ushirikiano wa mtaalamu na mteja kwa mambo matatu: wakubaliane lengo, wakubaliane kazi ya kufanya, na wawe na uhusiano wa kuaminiana. Tafiti nyingi za baadaye zimeonyesha kwamba ushirikiano huo unaendana na matokeo ya tiba katika mikabala yote. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu waupime mapema. Mwisho wa kikao cha tatu jiulize: najua tunakwenda wapi? Najua tunachokifanya kinanipelekaje huko? Kuna jambo ninalomficha kwa sababu naogopa atanionaje? Jibu la swali la tatu likiwa ndiyo, mwambie yeye mwenyewe. Atakavyolipokea neno hilo ndivyo utakavyojua ubaki au uondoke, na kuondoka si utovu wa adabu. Mwalimu kama wewe najua itakuwa vigumu, kwa kuwa tumelelewa kumheshimu mtaalamu kwa kunyamaza, lakini kwenye kiti kile kunyamaza kunampotosha.

Kuhusu mwalimu mkuu, usiwe na hofu. Unachokisema ni siri, na kumbukumbu za afya zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwajiri hapewi chochote bila ridhaa yako. Ukilipiwa na bima ya kazini, uliza kabla ya kikao cha kwanza ni maandishi gani yatakwenda kwa bima. Siri hiyo ina mipaka, na mtaalamu anapaswa kukutajia mipaka hiyo kikao cha kwanza kabla hujaanza kumwaga moyo: mtu akiwa katika hatari ya kujiua au kumdhuru mwingine, mtoto akiwa anadhuriwa, au mahakama ikiamuru. Zamani wateja wengi walinificha mawazo ya kujiua kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikifanya kitendo cha kujaribu kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Hukuandika kwamba una mawazo hayo, lakini yakija, saa tisa yoyote, usingoje miadi: mwamshe mtu wa nyumbani, nenda hospitali iliyo karibu, au piga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu Kenya isiyotozwa.

Malipo yaulize bila haya, pamoja na idadi ya vikao anavyokadiria na utaratibu wa kuahirisha. Kikao kwa kawaida ni dakika 50, mara moja kwa wiki. Kwa usingizi peke yake, tiba niliyoieleza huwa na vikao vinne mpaka vinane. Kwa msiba siwezi kukuhesabia, na anayekuhesabia kabla ya kukusikia anakisia. Ukishindwa bei, sema. Baadhi yetu tuna nafasi chache za bei nafuu ambazo hatuzitangazi, na hata kama hana, atakuelekeza kwa anayeweza.

Ukinibana nichague kati ya hao wawili kwa yale uliyoniandikia, ningempigia kwanza yule wa tiba ya utambuzi na tabia, kwa sababu ya usingizi, na ningesikiliza kwa makini anavyolipokea jina la mama. Akilipita, mpigie wa pili. Hakuna haja ya kuandaa maelezo marefu, wala ya kutafuta maneno ya kitaalamu. Mwambie lile uliloniandikia mimi, kama lilivyo: naamka kila usiku saa tisa, saa ile simu ya hospitali ilipolia. Halafu nyamaza, umsikilize anachouliza.